Mwezi wa Kumi na Tatu

Hirut, weka kikombe chini unisikilize. Matangazo ya duka letu la mtandaoni yamekataliwa TENA. Mara ya tatu! Na mwaka mpya ndio huo, mitandio imejaa hadi kitandani kwangu.

Eti duka "haliaminiki". Mimi! Simu nimeweka, anwani nimeweka, hadi sura yangu nimeweka!

Nikampigia yule dada wa ng'ambo anayekagua matangazo. Akanijibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Ukurasa wako wa kurudisha bidhaa unasema masharti yalianza tarehe nne, mwezi wa kumi na tatu."

Nikasema ndiyo.

"Mwezi wa kumi na TATU, dada."

Nikasema NDIYO, sasa kosa liko wapi?

Akasema mwaka una miezi kumi na miwili tu, Hirut.

Pagume! Mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu ya Kihabeshi, vile visiku vitano au sita vya mwisho wa mwaka! Ukurasa ule aliuandika mama, nami nimeusoma mara kumi nikaona uko sawa. Na usinicheke, nilikutumia uukague, ukajibu "safi kabisa".

Nikamwendea mama. Nikamwambia tubadilishe tarehe, maana huko kwao miezi ni kumi na miwili tu.

Akaacha kusokota pamba. "Na Pagume wameupeleka wapi?"

Nikasema hawana, mama.

Akanitazama weee. "Yaani wao wamepoteza mwezi mzima, halafu asiyeaminika ni mimi?"