Mashine ya Bijou imerudi toka Lukafu kwa magurudumu yake

Lubumbashi, Kamalondo
Jumanne, tarehe 20 Mei 2025

Mpendwa Yaya Dominique, dada yangu mkubwa,

Mguu wa kuume wa Bijou, ule mzima, haukuvunjika. Daktari Kangwa ndiye aliyesema hivyo leo asubuhi, akiwa ameinua picha ya mfupa mbele ya dirisha, na mimi nikiwa nimesimama kando yake. Kifundo kimevimba, basi. Asiukanyage mpaka wiki ijayo iishe, kisha atembee na fimbo yake kama alivyozoea.

Sasa nikusalimu inavyofaa, maana ningetanguliza salamu ungezipita bila kuzisoma. Hujambo, Yaya? Shemeji Émile anaendeleaje na presha yake? Ule upepo wa ziwa umeacha kumshika kifua? Sisi tuko wazima. Baridi ya asubuhi imeanza na vumbi limerudi barabarani, kwa hiyo tunakohoa kidogo, lakini hakuna aliyelala kitandani ila huyo mtoto wako, na yeye amelazimishwa.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu audio za simu ndizo zilizotufikisha hapa. Padri wa parokia yetu anapanda ndege ya Kalemie kesho na amekubali kuibeba barua hii mpaka mlangoni pako. Kazi yangu ya redio imenizoesha kuuliza kabla ya kusema, basi nimemwuliza Bijou, nimemwuliza Faustin, fundi aliyemjengea ile pikipiki tunayoiita mashine, na nimemwuliza Gérard aliyekuwa nyuma yake safarini, kila mmoja peke yake. Pale ambapo hawakubaliani, nitakuambia.

Ile habari uliyoipata Jumapili ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa nzima. Gérard alipata mtandao juu ya kilima kimoja akamwandikia binamu yetu Nono kwamba Bijou ameingia mtoni na mashine. Betri ya simu yake ikazimika kabla hajaandika sentensi ya pili. Nono akalia ndani ya audio, wengine wakalia juu ya audio ya Nono, na hadi Jumapili jioni familia ilikuwa imeshamzika mtu aliyekuwa amekaa Lukafu, kwenye nyumba ya mkulima mmoja, anakula bukari na samaki. Simu ya Bijou ilikuwa imekunywa maji. Ya Faustin haikupata mtandao kabisa. Mimi nilikaa bila habari kama wewe, na sitaki kuirudia siku hiyo.

Nikuelezee hawa watu aliosafiri nao, maana uliniuliza kwa hasira ni watu gani. Ni kikundi kinachokutana Karavia kila Jumamosi, wanawake na wanaume, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Wengi wana kazi zao za wiki. Mwisho wa wiki wanakata, wanachomelea, wanapaka rangi. Unazijua zile baiskeli za wabeba makala, yale makaa ya kupikia, zilizotiwa nondo kwenye fremu ili zisipinde chini ya magunia? Hao wameanzia hapo. Wanachukua fremu ya namna ile, wanaisugua mpaka ing'ae, wanaiwekea usukani wa bomba la maji na kiti kirefu. Mkubwa wao ni mzee Lombe, aliyestaafu kwenye karakana ya reli kama marehemu baba. Baiskeli yake ina kengele ya kituo cha treni, na akiipiga, watu wa barabarani wanageuka kutafuta behewa.

Bijou aliingia kwao kwa cherehani. Wanamletea viti awashonee ngozi. Mwaka jana mmoja alikuja kumshukuru, akasema kiti chake kimefika Lukafu na kurudi bila kupasuka mshono. Bijou akasema viti vyake vimeshaona nchi nzima na yeye hajavuka hata Kasapa. Wiki iliyofuata Faustin akaja na kipimo cha fundi, akampima mikono yake, siyo mguu. Nakumbuka hilo kwa sababu kila mtu mwingine huanza na mguu.

Faustin alichukua pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubeba mizigo, akaondoa sanduku la nyuma na kuipunguza upana ili ipite kwenye lango letu. Breki, gia, vyote akavipandisha mikononi. Kiti akakishona Bijou mwenyewe. Mguu wa kushoto, kwa kuwa hauna nguvu na unaweza kuteleza chini njiani, ulifungwa kwenye ubao kwa mkanda wa ngozi wenye kifungo cha chuma.

Kosa lilikuwa hapa. Ekseli ya nyuma, baada ya kukatwa, haikuingia vizuri chini ya kiti. Faustin akaigeuza juu chini, ikaingia. Ekseli iliyogeuzwa hivyo inazungusha magurudumu kinyume. Ijumaa jioni Bijou akawasha uani, akatia gia ya mbele, akarudi nyuma moja kwa moja ndani ya mashuka yangu yaliyokuwa kwenye kamba. Tulicheka sana, hata Faustin, ingawa yeye aliacha kabla yetu.

Safari ilikuwa kesho yake. Hapakuwa na muda wa kufungua ekseli tena. Lakini mashine hizi za mizigo zina levier, mkono wa chuma wa pembeni: ukiisukuma mbele zinaenda mbele, ukiivuta nyuma zinarudi nyuma, na gia zote zinafanya kazi pande zote mbili. Basi Faustin akasema Bijou atumie levier kinyume, avute nyuma ili aende mbele, na atairekebisha wakirudi. Akapaka mshale mwekundu kando yake. Bijou alizoea kabla giza halijaingia. Mimi niliona, nikaridhika, kwa sababu ilifanya kazi.

Kikundi kina sheria mbili. Ya kwanza, mashine mpya haihesabiwi kuwa mashine mpaka ifike Lukafu na kurudi kwa magurudumu yake. Ikirudi juu ya lori, imerudi kama mzigo. Ya pili, mashine ya mwenzako huigusi bila kumwuliza.

Jumamosi walifika vizuri. Wenye baiskeli walikuwa wametangulia tangu Alhamisi. Jumapili, baada ya misa ya Lukafu, walikwenda kuzunguka vijiji vya karibu, na hapo wakafika kwenye daraja la magogo juu ya kijito. Gurudumu la mbele la Bijou likazama kati ya magogo mawili. Akasimama. Akasukuma levier mbele, ambayo kwake ni kurudi nyuma, akageuza kichwa kuangalia anakorudi. Yote sawasawa.

Nyuma yake alikuwa Gérard. Huyu ni wakala wa forodha Kasumbalesa, na ana mashine tatu za namna ile zinazobeba mizigo pale mpakani. Anazijua kuliko mtu yeyote katika kikundi. Mshale wa Faustin ulikuwa umefunikwa na matope. Gérard akaona levier iko mbele, na mtu anataka kurudi nyuma, akadhani Bijou amesahau. Akaja kwa miguu upande ambao Bijou hakuutazama, akanyoosha mkono, akaivuta nyuma. Hapa ndipo hawakubaliani: Gérard anasema aliuliza na Bijou akatikisa kichwa kukubali. Bijou anasema alikuwa anamjibu Lombe, aliyekuwa ng'ambo anauliza kama yuko salama. Nadhani wote wawili wanasema kweli.

Bijou akaachilia embrayage, ile klachi ya mkononi, na kuongeza mafuta. Mashine ikaruka mbele, ikatoka kwenye pengo, ikaacha daraja upande wa kushoto.

Daraja halikuwa juu sana. Maji yalifika kiunoni kwa mtu aliyesimama, lakini mashine ilianguka kiubavu na Bijou akaanguka nayo, maji yakamfikia kidevuni, mguu ukiwa umefungwa kwenye ubao. Yaya, hili ndilo ulilokuwa unaliogopa siku zote, na mimi pia. Lakini ule mkanda wenye kifungo cha chuma haukuwapo tena. Bijou alikuwa ameuondoa njiani, Jumamosi, kwa sababu ulimchuna ngozi, akaweka mkanda alioushona mwenyewe kwa ule utepe wa kunatana ambao washonaji wanauita scratch. Faustin alinuna, akasema hauna nguvu. Kweli hauna. Bijou aliuvuta mara moja, ukafunguka.

Faustin alipofika majini alimkuta amekwisha kukaa juu ya ubavu wa mashine, nguo zimemshika mwilini, anamwangalia Gérard aliyeganda darajani. Bijou akamwuliza:

"Papa Gérard, hii njo nyuma unasemaka?"

Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, na Gérard akaanza kulia. Amekubali niandike hivyo.

Mguu wa kuume, ule mzima, uligongwa na usukani. Ulivimba haraka, na ndio uliotutia hofu kuliko mto, maana bila mguu huo Bijou hasimami, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Mwuguzi wa Lukafu alimfunga bendeji akasema aende mjini kupigwa picha. Lori la makala lilikuwepo tayari. Dereva alikubali kuwapakia wote wawili, Bijou na mashine.

Bijou akakataa. Lombe alimwambia sheria si amri ya Mungu, na kwa leo wataifumbia macho. Gérard alitaka kulipa lori zima. Bijou akajibu kwamba breki ziko mikononi, gia ziko mikononi, na mguu hauna kazi yoyote kwenye mashine ile, hata mmoja. Faustin ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa ameshamwaga oili yenye maji, amekausha plagi kwa moto wa mkulima, na mashine imewaka. Alisema tu:

"Barabara ni moja. Mi nitakuwa nyuma yake, na hakuna mutu atagusa levier."

Walianza safari Jumatatu kulipokucha. Mimi nilikuwa uani mchana nikasikia injini, nikaenda langoni. Aliingia amejaa matope hadi kwenye nyusi, levier imevutwa nyuma, anakuja mbele. Nyuma yake Faustin, na nyuma ya Faustin Gérard, ambaye hakuingia ndani mpaka nilipomwita mara mbili.

Jioni hiyo, ulipopata ujumbe wangu kwamba yu hai, ndipo ulipopiga simu. Ulisema Bijou arudi Kalemie na mashine iuzwe wiki hii hii. Nilikusikia, Yaya, na nikaliahirisha jibu kwa sababu ulikuwa umetoka kumlilia mtoto siku nzima. Leo, tulipotoka kwa daktari, nilimsomea Bijou maneno yako kama yalivyo. Ndani ya teksi akasema nikuandikie hili, na nisilinyooshe:

"Umuambie mama, hii mara haikukuwa muguu. Ilikuwa levier."

Nimelifikiria tangu mchana. Alipoanguka shuleni tulisema ni mguu. Uchumba ulipovunjika tulisema ni mguu. Alipounguza mchele, Yaya, tulisema amechoka kusimama. Safari hii ameanguka mtoni kwa kosa la mtu aliyejua sana na fundi aliyeharakisha, kama ambavyo ungeanguka wewe au mimi. Sikuambii uamue nini. Wewe ndiye mama. Ninakupa tu habari ambayo haikuwa ndani ya audio.

Mashine haijauzwa. Iko kwa Faustin, na leo ameanza kuifungua ekseli. Lombe aliamua mbele ya wote, kabla hawajaondoka Lukafu, kwamba mashine ikifika kwa magurudumu yake safari itahesabiwa, lakini Bijou haiwashi tena mpaka levier iseme kile ambacho levier zote zinasema. Gérard amepewa adhabu ya kuosha mashine zote za kikundi mwezi mzima, na adhabu ya pili, aliyojipa mwenyewe, ni kupiga simu kila asubuhi kuuliza kuhusu kifundo. Ya leo asubuhi ilikuja kwenye simu yangu, na Bijou alimpa Nono ajibu.

Nisalimie shemeji Émile, umwambie dawa ya presha ameze hata siku anapojisikia vizuri. Nisalimie Caleb na Deborah, na Mama Syntiche wa jirani aliyekaa nawe Jumapili ile; Mungu amlipe kwa kila saa. Nono anakuomba radhi kwa audio zake. Bikira Maria awafunike hapo kando ya ziwa, kama alivyomfunika huyu kando ya kijito.

Jumamosi tarehe 31 Mei, saa tatu asubuhi, nitakupigia simu ya picha nikiwa Karavia. Usikate shauri kabla ya hapo. Bijou atakuwa amekaa kwenye kiti chake, Faustin atasimama mbali, na mkono wa Bijou utasukuma levier mbele. Utaona mwenyewe mashine inaenda upande gani, kisha utasema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kwa moyo uliotulia,

Wivine