Heshima za Kigiriki kwa Mama Hemedi

Jumamosi, Disemba 2009. Theluji inashuka polepole, kama haina uhakika inataka kufika chini.

Leo nasema wazi: Toronto nzima hakuna mtu muhimu kuliko mimi. Meya yupo, sawa, lakini meya hajawahi kumpokea mtu kutoka Muheza. Nusu ya Watanzania wa maghorofa haya ya mtaa wa Jane na Finch wamelalia kochi langu.

Hemedi, ninayeishi naye, anasoma historia ya kale chuoni. Mimi shule niliwaachia wenyewe kidato cha pili, ila masikio yangu yanasoma. Juzi, anakoroga maharage, akanisimulia mambo ya Ugiriki ya zamani. Mgeni akiufanyia mji wema, wananchi walikutana, wakapiga kura, wakalichonga jina lake kwenye jiwe. Apewe kiti cha mbele kwenye tamasha. Asilipe ushuru. Aruhusiwe kumiliki nyumba na shamba, yeye na wanawe, ingawa si wa pale.

Tangu hapo sijatulia. Nikipanda basi naona mawe meupe yamejipanga kando ya barabara ya Finch, na jina langu limechongwa kwenye kila moja.

Leo mama yake Hemedi alikuwa anafika, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, na Hemedi ana mtihani.

"Sudi, nakukabidhi mama yangu," aliniambia asubuhi. "Usiniletee usanii."

Usanii! Mimi!

Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa maandishi manene: BARAZA NA WANANCHI WA JANE NA FINCH WAMEAMUA kwamba Mama Hemedi, kwa wema wa kutuzalia mpishi wa maharage, apewe kiti cha mbele, asilipe nauli, na amiliki kitanda cha Sudi, yeye na kizazi chake.

Uwanja wa ndege nikamwamkia, kisha nikalisoma azimio langu kwa sauti. Watu walisimama na mizigo yao. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, ndiye wewe yule mwehu anayesemwa kwenye simu?"

Ndiye.

Nikabeba mabegi, nikamtanguliza kama malkia. Milango ikafunguka yenyewe, upepo ukatupiga. Hapo ndipo nikamwona vizuri: kitenge, blauzi ya mikono mifupi, kandambili.

Nilikuja na azimio la mji mzima. Koti la mgeni sikuja nalo.

Nikavua koti langu, nikamvika. Miguuni sikuwa na cha kumpa, na basi lilichelewa. Lilipofika alikaa kiti cha mbele kabisa, kama tulivyoamua, meno yanagongana, anatabasamu ili nisione.

"Usimwambie Hemedi," alisema. "Atakugombeza bure."

Sasa amelala kitandani kwangu, anakohoa. Hemedi amerudi na furaha zake, kaniuliza mapokezi yalikwendaje. Nimemwambia safi kabisa.

Hayakuwa safi. Nilimsimamisha mama wa watu kwenye theluji na kandambili.