Marwa Aliketi Kabla ya Taulo

Nairobi,
Nyumba za wapakiaji mizigo

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi Gati, mke wa mwanao Marwa, ninayekuandikia leo mkono ukiwa mzito kidogo. Naomba Mungu barua hii ikukute kifua kimekuachia, na ulezi wa huko Genkuru umeingia ghalani kabla mvua haijauharibu. Sisi tuko wazima. Mjukuu wako ameota meno ya mbele, na akilia jirani wanajua, maana amechukua sauti ya babu yake.

Barua yako ilitufikia. Mwalimu wa kanisa aliyekuandikia ana hati nzuri, lakini niliposoma nilikusikia wewe mwenyewe. Umesema askari mmoja aliyekuja likizo alisimulia mnadani Tarime kwamba Marwa alikimbia ngumi mbele ya watu. Umesema Baba alisikia habari hiyo akiwa kwenye pombe na wenzake, akainuka akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo halitaji jina la mwanawe. Unauliza kama ni kweli.

Marwa hataki kuandika. Ameniambia, "Andika wewe. Ulikuwepo, uliona." Amekaa kitandani hapa, na kila nikimaliza kipande namsomea.

Kwanza nikuambie habari ya Bwana Ouma, maana bila yeye hutaelewa kitu. Ni Mjaluo wa pande zetu, wa Shirati, mtu mrefu aliyejifunza ngumi jeshini wakati wa vita vya Burma. Hapa Nairobi ndiye aliyekuwa promota wetu, yaani yeye ndiye anayetafuta wapinzani, anaomba kibali serikalini, anakodi ukumbi na kusimama kwenye kona ya kijana wake siku ya pambano. Alimkuta Marwa akibeba magunia stesheni, akamwambia, "Wewe mabega hayo unayapoteza kwa mahindi." Tangu hapo walikuwa kama ndugu. Nilipojifungua, na barabara zimejaa askari kwa ajili ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali, ni Ouma aliyetembea mbele yetu hadi hospitali akiwa ameinua juu pasi yake ya kuruhusiwa njiani ili tusisimamishwe.

Siku ya pambano lenyewe mpinzani alikuwa kijana wa Kampala. Walipigana mchana, kwa sababu jioni watu weusi haturuhusiwi kuwa njiani. Mimi nilikaa na wanawake, upande ule ule wa kona ya Marwa, karibu kabisa. Raundi za mwanzo Marwa alimtawala. Watu wetu wote wa Tarime walio huku walikuwa wanaimba kwa Kikurya, hata nikaona haya kwa furaha.

Kisha yule kijana akambadilikia. Alianza kumpiga jicho la kushoto, lile lile kila mara, hadi likafumba. Marwa hakuanguka, Mama. Hakuna aliyemwangusha. Katikati ya raundi, kengele haijalia, aligeuka akampa mwenzake mgongo, akatembea polepole hadi kwenye kona yake, akaketi sakafuni akiegemea nguzo. Refa akamwinamia, akamuuliza, "Unaendelea?" Hapo ndipo Ouma alirusha taulo ulingoni, maana yake promota anamtoa kijana wake.

Watu wa upande ule mwingine, refa akiwa amewazibia, waliona taulo tu. Sisi wa karibu tuliona kuketi kwanza.

Ukumbi ukalipuka. Ouma akapanda ulingoni, akasimama mbele ya Marwa, akapaza sauti: "Mimi ndiye niliyemtoa! Nilimwambia akae! Jicho lake limeharibika, siwezi kumrudisha mwanamume kipofu kwa mkewe. Mwenye kulaumu anilaumu mimi!"

Walimlaumu kweli. Walimtupia maganda ya machungwa, mmoja akamtupia chupa. Wakasema watu wa Kampala wamemnunua. Naye alisimama pale pale akiyapokea, mpaka tukamtoa Marwa kwa mlango wa nyuma.

Daktari alilitazama jicho akasema lingepigwa zaidi lingekufa. Kwa hiyo maneno ya Ouma yalipata nguvu kwetu sisi wa nyumbani. Alikuja mara kwa mara kumtia dawa ya matone, anamshika kidevu kama mtoto. Lakini huko nje mambo yake yalizidi kuharibika. Vijana wake wengine walimkimbia mmoja mmoja. Mtu akipita karibu naye njiani anasema kwa sauti, "Kuuza watu ni kazi nzuri." Ouma alikuwa anacheka tu. Marwa aliyajua yote hayo, alinyamaza, na chakula kikawa hakimpiti.

Mwishowe wazee wanaosimamia ukumbi wakaitisha mkutano wa kumwondoa Ouma kwa kosa la kuuza pambano. Marwa alivaa koti lake asubuhi, hakuniambia anakwenda kusema nini. Nilimfuata na mtoto mgongoni.

Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu hakuniuza. Hakuniambia nikae. Niliketi mwenyewe, na taulo lilikuja baadaye."



Mwenyekiti akamgeukia Ouma. "Kwa hiyo ulisimama ulingoni ukatudanganya?"

Ouma alimtazama Marwa, kisha akatazama kofia yake mkononi. Akasema, "Nilisema nilichosema."

Wakamfutia kosa la kuuza pambano. Lakini wakasema mtu anayeweza kudanganya ukumbi mzima hawezi kuaminiwa tena, hata taulo lake haliaminiki. Wakamwondoa vile vile, na serikali nayo ikakataa kumpa kibali kingine.

Nje, Marwa alimkimbilia. Nami nilikuwa karibu, niliyasikia kwa masikio yangu.

"Ouma, ndugu yangu, nilitaka kukuondolea lawama."

"Nilikuambia imenilemea?"

"Watu walikuwa wanakutukana kwa ajili yangu."

"Walikuwa wananitukana, ndiyo. Lakini mimi nilijua kwa nini natukanwa, na nilikubali. Sasa umenifanya mwongo mbele ya watoto wangu. Ungeniuliza kwanza, Marwa. Ungekuja nyumbani ukaniuliza."

Akavaa kofia akaenda zake. Marwa alibaki amesimama juani kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Tuliporudi nyumbani aliniuliza, "Gati, siku ile uliona?"

Nikamjibu, "Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, nawe ulikuwa hujasema?"

Ndipo akaniambia, na ameniruhusu nikuandikie wewe na Baba. Amesema hivi: "Daktari anasema jicho, na Ouma alisema jicho. Liliniuma, lakini sikuketi kwa sababu ya jicho. Nilichoka. Nilipomwona yule kijana anakuja tena, mwili wote ukaniambia kaa, nikakaa. Siku ya kutahiriwa sikupepesa macho, Baba alikuwepo. Lakini kisu kile kilikuwa kimoja, kinapita kinakwisha. Kipigo hiki hakikuwa na mwisho." Kisha akalia, na jicho lile bovu nalo likatoa machozi, nikafurahi kidogo kwamba linaweza.

Kwa hiyo Mama, kama ni swali la kwamba aliacha, aliacha. Kama ni swali la kwamba alikimbia, mimi sikuona mtu anayekimbia. Nilimwona akitembea. Baba ataamua mwenyewe aite nini.

Kinachomuuma Marwa sasa hata si ngumi. Juzi tulisikia Ouma anarudi kwao Shirati na jamaa yake yote. Tulikwenda kumuaga, tumembebea kuku. Mkewe alitupokea mlangoni, macho chini, akasema mzee amelala. Moshi wa kiko cha Ouma ulikuwa unatoka dirishani. Marwa aliutazama moshi ule. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Mwambie akiamka kwamba nimekosa kwa kutokumuuliza." Yule mama alichukua kuku, akanishika mkono wangu akaukaza, tukaondoka.

Wamekwisha kusafiri. Watapanda meli Kisumu.

Sasa ombi letu, Mama, na hili Mwalimu asilisome mpaka Baba awe amekaa karibu. Najua Baba na Wajaluo wamepigania ng'ombe tangu ujana wake, na najua hapendi hata kununua sufuria kwao. Lakini Ouma ni fundi wa kutengeneza baiskeli pia, na huenda mkasikia anakuja mnadani Tarime kufanya kazi hiyo. Ni mrefu, ana kovu juu ya nyusi, na huvaa kofia ya jeshi. Marwa anamwomba Baba, hata kama hataki kumsamehe yeye, akimwona mtu huyo amwendee. Asimweleze kitu, wala asimwombe radhi kwa niaba yetu. Amwambie tu yeye ni baba yake Marwa, na ampe mkono.

Nisalimie bibi yetu mzaa Baba, mwambie tumbaku yake nitaituma na mtu wa kuaminika. Msalimie shemeji yangu mkubwa anayechunga, na wifi anayengoja harusi, asiogope, mbali kunazoeleka. Mwalimu anayekusomea nampa salamu zake peke yake, na namshukuru kwa kutokupunguza neno.

Marwa anasema shikamoo kwako. Kwa Baba ameniambia niandike shikamoo, kisha akasema niifute, kisha akasema niiache.

Nimeiacha.

Mkweo,
Gati