Pangaboi Mbili Kwenye Mguu Mmoja

Mkwe wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo. Halafu msomee Mzee kikaratasi hiki kwa sauti, maana miwani yake ninayo mimi.

Aliisahau asubuhi kwa fundi wa boti. Alikuwa ameniambia, "Wewe kaa kwenye gari, injini hazikuhusu." Nikakaa kama mzigo. Akatoka anatabasamu, amechagua ule mguu wa injini wa kufunga nyuma ya boti yetu, wenye pangaboi moja ya kusukuma maji. Basi nilipoingia kufuata miwani, fundi akanionyesha mwingine: pangaboi mbili zimefuatana, moja inazunguka kulia, nyingine kushoto!

"Hazigombani?" nikauliza.

"Bibi, zikipingana hivyo ndipo boti inanyooka. Ile ya pangaboi moja huvuta upande, usukani ukachosha mabega."

Kisha akabonyeza kitufe, na lile lichuma lote likainuka lenyewe, taratibu, kama jogoo anayekunja guu. Mwanangu, nilibaki kinywa wazi. Nimekua nikiambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Kumbe wanakaa, na safari inakwenda! Nikamkumbuka Mzee na miaka yetu arobaini na mmoja.

Fundi anaagiza mguu saa sita. Nimekwenda kubadilisha oda, tuletewe wa pangaboi mbili.

~~Mwambie ni kwa ajili ya bega lake bovu.~~

Mwambie ni kwa sababu usukani nitashika mimi.

Mama mkwe wako