Vidole vya Faraji

Kinama, Bujumbura

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam alaikum. Kwanza niambie, mgongo umepoa? Na Zuhura, bado anakimbia uji? Mimi mwili mzima. Kilichoumia ni majivuno, nawe unajua nilivyokuwa nayo mengi.

Nilikuandikia kwamba bosi pale bandarini atanipa kiti cha ofisini, niachane na magunia, nikifaulu programu ya kompyuta ya stoo tunayofundishwa chuo kikuu Jumamosi. Nikaongeza kwamba nimeshaijua. Sikukudanganya, mke wangu. Nilijidanganya.

Nilikaa dawati moja na Faraji, mbebaji mwenzangu, tunayekula naye sahani moja. Kila nikikwama, mkono wake ulishafika: anabonyeza, ukurasa unafunguka, ananipiga bega. "Umeiweza, mzee! We ndiye mwalimu wetu!" Nami, bwege mwenye mvi, nikavihesabu vidole vyake kuwa vyangu.

Siku ya mtihani tulitenganishwa. Madamu, mwalimu wetu, ana desturi yake: kabla ya kutoka, kila mtu anaandika alama anazodhani amepata kwenye ishirini. Mashine haikunikatalia kitu, nikaona imeridhika. Nikaandika kumi na nane. Kumbe mizigo iliyotoka stoo nilikuwa naiandika kuwa imeingia! Nilipata tano. Faraji aliandika kumi na saba, akapata kumi na saba.

Hilo ningelicheka. Ila Jumatatu bosi aliniita, nikamkuta Faraji kando yake.

"Bosi, huyu mzee apana. Tangu siku ya kwanza mi ndiye namubonyezea."

Tulipotoka nikamuuliza, "Sasa mbona ulikuwa unanisifu?"

Akatazama viatu vyake. "Ungejua hauwezi, mzee, ungejifunza. Na kiti ni kimoja."

Amekikalia. Bosi amesema kikipatikana kingine atanifikiria, basi Jumamosi narudi darasani. Nakaa peke yangu, nakwama mpaka jasho linanitoka, na nimemkataza kila mtu kugusa mashine yangu. Chakula nakula peke yangu pia. Hilo ndilo gumu.

Mpe salamu mama mkwe, na shemeji fundi cherehani. Wakiuliza kuhusu kiti, waambie nimekikosa. Nawe, ukiniona napotea, usinionee haya wala huruma: niambie usoni, hata nikinuna.

Mumeo, mwenye alama tano kwenye ishirini,

Baba Zuhura