Usimtumie Tausi Mashudu Tena

Rwamgasa, Geita

Baba yangu,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba hata kabla wifi Mbuke hajamaliza kulisoma neno lenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mimi napiga kelele mpaka wachimbaji wananigeukia, na wewe nikikuuliza habari za kifua cha mama unanijibu kwamba mvua bado. Wifi, kaa upande wa sikio lake zuri, msomee taratibu, na usiruke mahali hata ukiona anakunja uso.

Hamjambo hapo nyumbani? Mama anapata usingizi? Pamba imeota vizuri, au mmelazimika kupanda mara ya pili? Mimi ni mzima. Mguu wangu wa kulia ni uleule niliozaliwa nao, mfupi na mkaidi, ila hauniumi.

Anayeumwa ni punda wetu Tausi, na leo nataka nikueleze yote, maana kaka Jilala alikufikishia nusu tu. Ilianza masika. Nilikuwa nimempanda kama kawaida, birika la chai huku na ndoo ya maandazi kule, tunakwenda mwaloni wanakooshea mchanga wa dhahabu. Njiani akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nikashuka nikakagua ukwato, nikidhani amekanyaga jiwe. Hakukuwa na kitu. Kesho yake goti lilikuwa limevimba, na kuinuka kwake kulikuwa kwa awamu, kama mama anavyotoka kwenye kigoda.

Nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikamfunga bandani apumzike, nikaanza kumlisha. Na wewe uliposikia anaumwa ukatuma mashudu ya pamba kwa basi, gunia baada ya gunia. Baba, nilifurahi mno kuyaona. Nikampa asubuhi, nikampa jioni. Miezi miwili Tausi hakutoka nje. Akanawiri, shingo ikawa nene, mgongo ukafanya mfereji katikati, na wapita njia wakawa wanamsifia. Nami nikavimba kichwa.

Siku nilipomfungua nikiamini amepona, alipiga hatua tatu akalala. Hakuweza kuinuka. Jirani yangu Baba Neema, yule mwenye karasha ya kusagia mawe, aliita vijana wake wakamnyanyua kwa kamba. Alipomwona anavyotetemeka akaniambia, "Dada Kabula, huyu ameshakwisha. Muuze angali na nyama." Nililia palepale mbele za watu, na sikuona aibu.

Nikampigia bwana mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki yake, akalikunja lile goti polepole huku kiganja kikiwa juu yake, kisha akauliza:

"Unamlisha nini?"

"Mashudu."

"Kiasi gani?"

"Mpaka atosheke."

Akanitazama. "Wewe dada ni Msukuma?"

"Wa Shinyanga."

"Nilijua tu. Dada, huyu si maksai. Goti lake lina baridi yabisi, na wewe umemwongezea mzigo asioweza kuutua."

Sikuandikii haya nikulaumu, Baba. Gunia lilitoka kwako, lakini mkono uliomlisha ni huu wangu. Kwetu mnyama akiumwa tunamtia mwili, basi, hatujui namna nyingine ya kumpenda. Gunia la mwisho bado lipo, sijalifungua.

Goti halitapona, hilo aliniambia wazi. Linatunzwa tu. Sasa Tausi anakula nyasi kavu na mabua. Kwato zilikuwa zimerefuka kwa kukaa bandani, bwana mifugo akazipunguza, na maumivu yakizidi huja kumchoma sindano. Bandani nimemwaga maranda makavu. Kubwa kuliko yote, hatakiwi kusimama mahali pamoja siku nzima. Kila asubuhi tunatembea kwenye mchanga laini hadi mwisho wa shamba la mihogo na kurudi, mimi na fimbo yangu, yeye na goti lake. Vijana wa karasha wanatupigia makelele, "Nani anamsindikiza mwenzake?" Nawajibu waje wajaribu kutupita. Huu ni mwezi wa tatu. Amepungua, na juzi alijigaragaza vumbini akainuka mwenyewe. Nilipiga makofi peke yangu.

Lakini nilimuuliza bwana mifugo nitampanda lini. Alikuwa anafunga mkoba wake. "Kutembea atatembea," akasema. "Kukubeba, basi tena."

Hapo ndipo nilipoumia. Ulimnunua nikiwa darasa la tatu, wenzangu wakiniacha barabarani kila siku, na tangu siku ile hakuna aliyeniacha tena. Kaka anasema nimuuze nitafute kijana wa pikipiki wa kunibeba. Sitaki. Nimehamishia chai yangu pembeni ya karasha. Wateja wa mwaloni wengi nimewapoteza, wachache wananifuata. Nitaishi. Ila yeye hauzwi, na nakuomba Baba unisaidie kumnyamazisha kaka. Mashudu wape ng'ombe. Ukitamani sana kutuma kitu, nitumie mimi michembe, maana viazi vya kukausha vya huku si viazi.

Mpe mama pole ya kifua, mwambie asikae karibu na moshi. Kaka Jilala msalimie ingawa nimemkasirikia. Shangazi Holo, aliyenifundisha kukanda maandazi, mwambieni bado yanasifiwa. Wifi Mbuke, wabeja sana kwa kutuazima sauti yako.

Jambo moja limebaki. Kondakta aliyewapa barua hii atawapa na kifurushi kizito kilichofungwa kwa mpira. Ndani yake mna tandiko la ngozi ulilomshonea Tausi kwa mkono wako. Wifi, mshike mkono Baba kabla hajalifungua. Usishtuke, Baba. Tausi hajafa. Ni mimi niliyeshuka.

Binti yako,
Kabula