Chumvi ya Lusahunga

Mama mpendwa, shikamoo.

Mvua ya hapa Lusahunga haijakatika tangu asubuhi. Nimejikinga katika kibanda cha chipsi pamoja na dereva wa lori, kijana wa rika langu, ambaye alizimwagia chumvi chipsi zake kabla hata ya kuzionja. Nilimweleza kwa hoja zote nilizosomea jinsi chumvi inavyopandisha presha.

"Presha ni ya wazee, msomi!" akanicheka.

Nikamwambia kwamba baba alifariki kwa kiharusi kabla hajafikisha miaka arobaini. Akanipa pole, kisha akaongeza chumvi.

Mdogo wangu Deo naye hula hivyo hivyo, na mimi alishanicheka. Mwambie wewe, mama, uliyemuuguza baba. Mungu akutunze.

Mwanao,
Erasto